Apdeti haijameza barua pepe zako

Simu imejisasisha usiku, asubuhi barua pepe hazionekani. Mtu akifika kwenye meza yangu hapa Kondele, Kisumu, huwa ameshapewa ushauri na shemeji, jirani na utingo wa matatu. Wote humwambia: apdeti imefuta kila kitu, simu iflashiwe, yaani ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya.

Barua za Gmail, Yahoo au Outlook hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni hizo. Simu huonyesha nakala tu. Ingia saiba yoyote, au fungua kivinjari kwenye simu hiyohiyo, uingie akaunti yako. Ukizikuta huko, hakuna kilichofutwa.

Kuna akaunti za namna nyingine, na ndizo zinazonifanya niogope neno kuflashi. Mzee mmoja wa hadwea kutoka Ahero alikuwa na anwani yenye jina la duka lake, iliyowekwa kwenye simu kwa POP. Njia hiyo hupakua barua, na mara nyingi huzifuta kwenye seva. Njia nyingine, IMAP, huziacha kule. Fundi alimflashia simu, barua za miaka minne zikaenda nayo, ankara na mikataba ndani. Tatizo lake la mwanzo lilikuwa nenosiri. Kwa hiyo kabla ya kuondoa akaunti au kumpa mtu simu, fungua mipangilio ya barua zinazoingia. Ukiona POP, au namba ya poti 995, usiguse kitu mpaka utume nakala za barua muhimu kwenye anwani nyingine. IMAP hutumia 993.

“Nenosiri ni lilelile, mbona linakataliwa?” Huenda ni sahihi kabisa. Tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia akaunti za watu binafsi kwa jina na nenosiri tupu. Microsoft nayo ilianza kuzima mtindo huo kwa barua za maofisi Oktoba 2022. Programu ya kisasa hukupeleka kwenye ukurasa wa Google wenyewe, uthibitishe huko. Sasisha programu ya barua, kisha ongeza akaunti upya ukichagua Google, si IMAP ya kujijazia. Tafadhali usirudie nenosiri mara kumi kwa hasira, utafungiwa. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba namba ya kurejesha akaunti ni ya laini waliyoitupa zamani, ambayo huenda sasa ni ya mtu mwingine.

“Bando ndilo bovu.” Kama WhatsApp inaingia, bando lina kosa gani? Tangu Android 6.0 ya 2015, simu iliyotulia huzilaza programu ili kuokoa betri, na watengenezaji wa simu nyingi tunazonunua huku huongeza ukali wao juu yake. Apdeti huweza kurudisha mipangilio hiyo ilivyokuwa kiwandani. Nenda kwenye programu ya barua, sehemu ya betri, uondoe vizuizi, kisha hakikisha usawazishaji (sync) umewashwa. Kwenye iPhone, alama ya betri ikiwa ya manjano, yaani simu inaokoa chaji, barua haziji zenyewe.

Tarehe ikikosewa pia, simu hukataa cheti cha seva, kile kinachothibitisha kwamba seva ni ya kweli. Iache ijipangie saa.

Wengine hufuta picha zote za harusi ili “simu ipumue”. Nafasi inayozuia Gmail ni ile GB 15 ya bure ya akaunti, ambayo Drive na Picha kwenye Google hugawana nayo, na tangu 2024 hata nakala rudufu za WhatsApp za Android. Ikijaa, barua mpya haziingii, hata simu iwe tupu kiasi gani.

Mwisho kuna “futa akiba” (cache) na “futa data”, ambazo watu hubonyeza kama kitu kimoja. Ya kwanza haina madhara. Ya pili huirudisha programu kama mpya, na barua zilizokwama bila kutumwa, ambazo hazijafika seva yoyote, hupotea moja kwa moja. Hizo zinakili kwanza, hata kwa kalamu.