Maji ya Kisima, Kalsiamu na Pampu za Seli: Maswali na Majibu

Swali: Maji ya kisima chetu hapa Dodoma huacha ukoko mweupe kwenye birika. Nimeambiwa ni kalsiamu. Je, haitajazana kwenye seli zangu?

Haitajazana. Ukoko huo kweli una kalsiamu, lakini seli haipokei kila kinachopita mlangoni. Kalsiamu iliyo nje ya seli ni karibu mara 10,000 ya ile inayoelea huru ndani, kwa hiyo hupenya kidogo kidogo muda wote, na muda wote hutolewa.

Swali: Inatolewaje?

Kwa pampu, yaani protini zilizopenya utando wa seli. Pampu hushika ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya kalsiamu upande wa ndani, huvunja molekuli moja ya ATP (kibeba nishati inayotokana na chakula, hata kama ni ugali wa uwele), hubadili umbo, kisha hufunguka upande wa nje na kuiachia. Seli za moyo hutegemea pia njia nyingine: sodiamu tatu zikiingia, kalsiamu moja hutoka.

Swali: Kwa nini seli ijisumbue hivyo?

Kwa sababu kalsiamu kwake ni ishara, na ishara haisikiki penye kelele. Ndani ya msuli mna ghala la kalsiamu. Likifunguka, msuli hukaza. Pampu iitwayo SERCA ikiirudisha ghalani, ioni mbili kwa kila ATP, msuli hulegea. Wengi hudhani kulegea ni kupumzika tu, kumbe nako kunakula nishati! Aliyewahi kuchinja mbuzi pale Kongwa anajua kwamba baada ya saa kadhaa nyama hukakamaa. ATP imekwisha, pampu zimesimama, na nyuzi za msuli zimeng'ang'aniana zisiweze kuachana.

Swali: Misuli ikinibana usiku, nimeze vidonge vya kalsiamu?

Usikimbilie duka la dawa. Misuli hubana kwa sababu nyingi: uchovu, ujauzito, hata baadhi ya dawa. Ukihisi ganzi kuzunguka mdomo na vidole vikajikunja vyenyewe, nenda kituo cha afya upimwe damu. Vidonge vikizidi vinaweza kuchangia mawe ya figo. Mjamzito afuate anachoelekezwa kliniki. Wengine, maziwa na dagaa wanaotafunwa na mifupa yao huongeza kalsiamu vizuri kwenye mlo.