Vuta, Sukuma, au Msubiri Konda?

Juzi asubuhi hapa Dodoma, tulipofika Sabasaba, mama mmoja mwenye kapu la mchicha alishindwa kushuka kwenye Hiace. Konda alikuwa ameruka dirishani kuwahi chenji, mlango umefungwa. Mama akavuta kitasa, akakisukuma, akakipandisha. Wapi! Kijana wa kiti cha nyuma akadakia: "Mama, hujazoea magari?"

Amezoea sana, na ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni mbunifu wa vifaa. Najua mkono hujifunza kwa kurudiarudia, bila kumuuliza mwenyewe. Kwenye Hiace moja kitasa cha ndani huvutwa kuelekea nyuma, kulekule unakokwenda mlango, kwa hiyo hata mgeni hakosei. Inayofuata, fundi amefunga kitasa cha gari jingine, kinapandishwa juu. Ya tatu ina kipande cha kamba. Njia ileile, nauli ileile.

Kuufunga nako kuna vituko. Mlango ukifika mwisho wa reli hunaswa, na hauachii mpaka ushike kitasa. Asiyejua anausukuma kwa nguvu zote, kisha anafokewa kwamba anabamiza. Lakini kinasio hicho kina sababu: mlango hufunguka kuelekea nyuma, hivyo dereva akikanyaga breki ghafla, ulio wazi hukimbilia mbele, na vidole vya abiria viko hapohapo. Kinasio kikichakaa, konda huuzuia kwa goti. Ndiyo kazi yake nyingine: kuziba mapengo ya gari. Siku akikosekana ndipo tunayaona.

Kwenye Coaster utakuta vitufe vya kuomba kushuka, vingine bado vina maandishi ya Kijapani. Japani nao huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana mlango ukifika huku unaangukia upande sahihi. Kitufe hakikubahatika hivyo. Nilikibonyeza mara tatu kabla ya Majengo. Jirani yangu akacheka, akagonga bati mara mbili, gari likasimama. (Kwa vipimo vya kazi yangu, lile bati ndilo kifaa bora humo ndani: unagonga, linalia, unajibiwa.)

Mama wa mchicha naye alitoa mkono dirishani, akafungua kwa kitasa cha nje. Hicho kilikuwa kizima.