Kiharusi cha shina la ubongo, na MRI inavyokibaini

Shina la ubongo ni sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Unene wake ni kama kidole gumba tu, lakini ndimo vilimo vituo vinavyoongoza kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, mwendo wa macho na fahamu zenyewe. Damu huletwa na mishipa miwili inayopanda shingoni kwa nyuma na kuungana kuwa mmoja. Mshipa huo au tawi lake likizibwa na damu iliyoganda, au likipasuka, mtu amepata kiharusi cha shina la ubongo.

Ugumu wake ni kwamba mara nyingi hakifanani na kiharusi tulichozoea, cha mdomo kupinda na mkono kulegea. Chukua mama anayeanika dagaa Kibirizi, mjini Kigoma. Ghafla anashikwa na kizunguzungu kikali, anatapika, anaona mitumbwi miwili palipo na mmoja, ulimi unakuwa mzito na chai inampalia. Mikono yote miwili anaiinua vizuri. Nyumbani watasema presha imepanda, au ni malaria. Na akipimwa, malaria inaweza kuonekana kweli, maana Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi. Lakini kuona vitu viwiliviwili pamoja na kupaliwa ghafla kusiachwe hivi hivi kwa sababu tu kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea. Dalili nyingine ya kuangalia ni uso kufa ganzi upande mmoja, huku mkono na mguu vikiishiwa nguvu upande wa pili.

Hospitalini, kipimo cha kwanza huwa CT skani. Hiyo hutumia eksirei na huonyesha haraka kama damu imevuja ubongoni. Ila shina la ubongo limezungukwa na mfupa mnene wa chini ya fuvu, na mfupa huo huacha michirizi inayoharibu picha. Mshipa ulioziba saa chache zilizopita unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo CT ikirudi safi, kiharusi hakijakataliwa.

MRI haitumii eksirei bali sumaku yenye nguvu, kwa kawaida Tesla 1.5 au 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na mfupa hauisumbui namna ile. Picha inayotafutwa hapa ni ile ambayo kwenye majibu huandikwa DWI, inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu. Seli zikikosa damu hushindwa kusukuma chumvi nje, maji huingia, seli huvimba na mwendo wa maji unabanwa. Eneo hilo hung'aa jeupe. Daktari wa picha hulinganisha na ramani ya pili, iitwayo ADC: eneo lilelile likiwa jeusi huko, ni jeraha jipya. Weupe peke yake unaweza kuwa alama ya zamani.

Hata hivyo MRI nayo hukosea, hasa mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwa watu wenye kizunguzungu kisichokatika ulionyesha kuwa MRI ya mwanzo ilikosa takriban asilimia 12 ya viharusi. Uchunguzi wa macho uliofanywa kitandani na daktari aliyefunzwa ulivinasa vizuri zaidi. Dalili zikiendelea, ni haki kabisa kuomba MRI irudiwe baada ya siku chache.

Mgonjwa wa Tabora au Kigoma anaweza kupewa rufaa ya mbali ili apate MRI, na hapo ndipo ninapoona familia nyingi hukwama, zikidhani hakuna kinachoweza kuanza kabla ya picha hiyo. Si kweli. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayeistahili na mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili kuanza, na CT iliyoonyesha hakuna damu iliyovuja inatosha kuamua. Andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Daktari ataiuliza kabla ya mengi mengine.

Siku ya MRI, semeni mapema kama mgonjwa ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kama amewahi kuwa fundi wa kuchomelea, maana kipande cha chuma kilichobaki jichoni kinaweza kusogezwa na sumaku. Na tangu dalili zianze, asipewe maji, uji wala vidonge mpaka wahudumu wapime kama anameza salama. Vikipita njia ya hewa huingia mapafuni na kuleta nimonia.