Diski ngumu ikifa ndani ya 486: kadi ya CompactFlash na hesabu za BIOS

Kompyuta za miaka ya 1990 zenye vichakataji vya 486 na Pentium ninazoletewa si zote za makumbusho. Baadhi zinaendesha mashine za karakana kupitia kadi ya ISA, aina ya zamani ya kadi za kuchomeka, ambayo haiingii katika kompyuta yoyote ya leo, na programu yake iliandikwa kwa MS-DOS, mfumo wa uendeshaji wa zamani, na kampuni ambayo haipo tena. Nyingine ni za watu wanaopenda tu michezo ya zamani. Kwa wote, kifaa ninachokuta kimetangulia kufa ni diski ngumu. Ina mota, beringi na vichwa vinavyoelea juu ya sahani, na baada ya miaka 30 beringi hukauka, au vichwa hunata kwenye sahani hadi mota ikashindwa kuzungusha chochote. Katika diski kadhaa za Quantum zilizofungwa ndani ya Macintosh, vipande vya mpira vilivyomo ndani vimelainika vikawa kama ulimbo, vikakishika kichwa kisitoke pembeni.

Kutafuta diski nyingine ya umri uleule ni kununua ugonjwa uleule. Kwa kompyuta yenye IDE, njia ya kuunganishia diski kwa kebo ya pini 40, chaguo langu la kwanza ni CompactFlash, kadi ya kumbukumbu ambayo SanDisk iliitoa mwaka 1994. Kadi hii inaelewa amri zilezile za ATA zinazotumiwa na diski za IDE. Pini yake ya 9 ikiwa imeunganishwa na negativu ya saketi wakati umeme unapoingia, kadi huanza katika hali iitwayo True IDE na kujitambulisha kama diski. Ndiyo maana adapta yake haina akili yoyote ndani: soketi ya pini 50 upande mmoja, pini 40 upande wa pili, njia za shaba katikati, na mahali pa kuchomeka umeme. Kadi ya SD nayo hutumika, lakini haijui ATA, hivyo adapta yake lazima iwe na chipu ya kutafsiri, na chipu hiyo ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kutoelewana na BIOS ya zamani, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta.

Kazi ya bisibisi huisha haraka. Kinachochukua muda ni kuifanya BIOS na kadi zikubaliane kuhusu umbo la diski ambayo kwa kweli haipo.

BIOS ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 haihesabu sekta moja baada ya nyingine kuanzia sifuri. Inataka kuambiwa silinda (mduara) ya ngapi, kichwa cha ngapi na sekta (kipande cha mduara) ya ngapi. Huduma ya BIOS iitwayo INT 13h, ambayo DOS huitegemea kusoma diski, ina nafasi ya silinda 1024, vichwa 256 na sekta 63. Kiwango cha ATA kinaruhusu silinda 65,536 na sekta 255, lakini vichwa 16 tu. BIOS isiyojua kubadilisha hesabu hizi inabanwa na kilicho kidogo kila upande, yaani silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, na kwa kuwa kila sekta ina baiti 512, jumla haivuki baiti 528,482,304. Kwa hiyo kadi ya GB 4 ikichomekwa kwenye 486 ya mwaka 1993, huenda ikaonekana kama ya MB 504, au kompyuta ikaganda inapoitafuta diski. BIOS zilizokuja baadaye na LBA, yaani kuhesabu sekta moja baada ya nyingine, zilivuka kizuizi hicho, zikaenda kukwama kwenye GB 8.4.

Ushauri wangu ni kutoshindana na kizuizi hiki pasipo sababu. Kadi ya MB 512 inakaa chini yake, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu MB kuwa baiti milioni moja, ilhali MB 504 za BIOS ni zile baiti milioni 528, na DOS pamoja na programu zake zote za kazi haitaijaza. Anayehitaji nafasi zaidi namwekea XTIDE Universal BIOS, programu ndogo inayoandikwa kwenye chipu ya ROM na kuchomekwa katika soketi ya ROM ya kadi ya mtandao ya ISA. Kompyuta inapowaka, programu hiyo huchukua kazi ya diski kutoka kwa BIOS na kuleta LBA. Zipo pia programu zinazokaa mwanzoni mwa diski yenyewe na kufanya kazi inayofanana na hiyo, lakini sizipendi, kwa sababu kadi ikihamishiwa kompyuta nyingine kwa ajili ya kunakili faili, huenda patisheni zake, yaani sehemu ilizogawanywa, zisisomeke.

Katika BIOS isiyojitambulia diski yenyewe, huchaguliwa aina ya 47, kisha namba huandikwa kwa mkono kama kadi inavyojitangaza. Baadhi ya kadi za MB 512, kwa mfano, hutangaza silinda 993, vichwa 16 na sekta 63. Betri ya CMOS, kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS, ikiwa imekufa, namba hizi hufutika kila umeme unapozimwa, kwa hiyo betri ibadilishwe kabla mtu hajaanza kuilaumu kadi.

Baada ya hapo kadi ifomatiwe ndani ya kompyuta itakamokaa. Sekta ya kwanza ya patisheni ya DOS huhifadhi idadi ya vichwa na sekta iliyotumika wakati wa kufomati, na DOS huitumia hesabu hiyo kutafuta faili zake za kuanzia. Kadi iliyofomatiwa kwenye kompyuta mpya kwa vichwa 255 itasimama kimya kwenye 486 inayohesabu vichwa 16, ingawa faili zote zimo. Ninatengeneza patisheni kwa FDISK, naifanya iwe hai, kisha FORMAT C: /S, inayofomati na kuweka faili za kuanzia. Kadi iliyowahi kutumika kwenye kamera mara nyingi haina msimbo wa kuanzishia, na amri ya FDISK /MBR huuandika.

Data ya diski ya zamani naiokoa kabla ya haya yote. Diski ikiwa bado inazunguka, naichukulia nakala nzima sekta kwa sekta kwa ddrescue kwenye Linux, ambayo husoma kwanza sehemu rahisi na kuzirudia zenye matatizo baadaye. Hapa kuna mtego: adapta nyingi za USB za kusomea diski za IDE hudai LBA, hivyo diski ya zamani sana haionekani kabisa, na mwenyewe huambiwa imekufa ilhali ni nzima. Diski kama hizo nazisoma kwenye kompyuta ya mezani yenye soketi halisi ya IDE. Nakala hiyo siimimini moja kwa moja kwenye kadi, kwa sababu ingebeba hesabu ya vichwa vya diski ya zamani. Naifungua, natoa faili, nazipeleka kwenye kadi iliyokwisha kufomatiwa.

Kuhusu hofu kwamba kadi itachakaa kwa kuandikwa, DOS huandika mara chache mno kuleta tatizo. Windows 98 yenye RAM ndogo ni habari nyingine, maana faili yake ya kubadilishana kumbukumbu haitulii. Hapo naongeza RAM kwanza na kununua kadi ya daraja la viwandani. Windows XP ina kinyongo chake: kadi ikijitangaza kuwa ya kuchomolewa, mfumo hukataa kuigawa patisheni zaidi ya moja. Tena baadhi ya kadi hazitaki kukaa kebo moja na kiendeshi cha CD. Kihamishie kebo ya pili.

Kwa Macintosh za zamani zenye SCSI, njia nyingine ya kuunganishia diski, adapta kama BlueSCSI na ZuluSCSI husoma faili ya taswira ya diski kutoka kadi ya SD, na jina la faili ndilo linaloamua namba ya kifaa: tarakimu ya kwanza baada ya HD ndiyo namba, hivyo HD10 ni diski yenye namba 1. Macintosh Plus ya mwaka 1986 haitoi umeme kwenye waya wa tamati ya SCSI (vipinga vya mwisho wa kebo), kwa hiyo adapta inayochomekwa nje lazima ipewe umeme wake.

Zilizobaki ni kompyuta za IBM PC/XT na ndugu zake, zenye kebo mbili za diski za MFM, mfumo wa kabla ya IDE, moja ya pini 34 na nyingine ya pini 20. Diski hizo zilipeleka ishara ghafi kwa kadi ya kidhibiti, kwa hiyo hakuna adapta rahisi ya kuziiga. Mwenye XT namshauri aiondoe kadi ya kidhibiti pamoja na diski yake, aweke kadi ya ISA ya biti 8 yenye soketi ya CompactFlash na XTIDE ndani yake.