Riwaya moja inakulipa shilingi ngapi, na lini?

Swali la kwanza la mwandishi chipukizi huwa ni "nitampata wapi mchapishaji?" Laiti lingekuwa "hela itaingia lini?" Hofu nyingi za kazi hii, hata zile zinazojifanya ni hofu za kipaji, huzaliwa katika miezi ile mirefu kati ya siku unayokabidhi mswada na siku unayolipwa.

Tupige hesabu. Chukua riwaya inayouzwa shilingi 10,000 za Tanzania. Duka linakata asilimia 35, mchapishaji anabaki na 6,500. Mkataba ukisema mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10 ya mapato halisi (hizo zinazomfikia mchapishaji), chako ni 650 kwa nakala. Ukisema asilimia 10 ya bei ya jalada, ni 1,000. Wengi hupitisha macho hapo wakasaini. Sasa tuseme nakala 1,000 zimeuzwa katika miaka mitatu, na kwa riwaya isiyosomwa shuleni hizo si haba. Kwa mrabaha wa mapato halisi unapata 650,000. Kodi ya zuio kwa mrabaha Tanzania, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, ni asilimia 15, hivyo unabaki na 552,500. Gawa kwa miezi 36: kama 15,300 kwa mwezi, nauli ya daladala ya kwenda kazini na kurudi kwa wiki mbili hivi. Nayo haiji kwa mwezi. Taarifa za mauzo hutolewa mara moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo kitabu kilichotoka Februari kinaweza kukulipa mwaka wa pili.

Kwa hiyo anayeona haya kufundisha mchana na kuandika usiku, hajaanza yeye. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Kezilahabi, mtunzi wa Rosa Mistika, alifundisha chuo kikuu Dar es Salaam na baadaye Botswana. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, hadi alipostaafu.

Kwenye mkataba, asilimia si kitu pekee cha kutazama. Haki za kitabu cha sauti, filamu, tafsiri na kidijitali zitajwe moja moja, kila moja na mgawo wake. Kifungu kinachozichukua zote kwa sentensi moja kikatae. Kiwepo kipengele kinachokurudishia haki kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe upya kwa muda fulani, tuseme miezi 12. Usiuze mswada jumla kwa malipo ya mara moja, hata kama mwezi huo umebanwa na kodi ya nyumba. Hakimiliki Tanzania na Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Huyo anayekupa laki tatu leo anawanunua na wajukuu zako.

Soko la shule ni habari nyingine. Kenya, riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha lazima cha fasihi kwa sekondari, hununuliwa na wanafunzi wa nchi nzima, na mwandishi huona kiasi ambacho hajawahi kukiona. Kisha orodha inabadilishwa, mauzo yanaporomoka mwaka huohuo. Aliyeanza ujenzi akitegemea mrabaha ule ubaki palepale hukwama kwenye linta. Na soko hili lina gharama isiyoandikwa popote: mwandishi huanza kuyakata maandishi yake mwenyewe ili yakubalike shuleni. Tukio la mapenzi linafupishwa, mwanasiasa mwovu anageuzwa mfanyabiashara, mhusika anayetukana anaanza kusema kama mwalimu wa nidhamu. Mimi naona ni heri uandike rasimu ya kwanza kana kwamba hakuna shule duniani, kisha uamue utapunguza nini ukijua unachopoteza.

Kuchapa mwenyewe? Inawezekana, ila hesabu iwe karatasini kabla ya kulipa kishika uchumba kwa mpiga chapa. Mfano: nakala 500 kwa 4,000 kila moja ni 2,000,000. Ongeza mhariri 500,000, jalada 150,000, kupanga kurasa 150,000. Jumla 2,800,000, yaani 5,600 kwa nakala. Ukiuza mkononi kwa 10,000, mtaji unarudi kwenye nakala ya 280. Ukipitia madukani na kupata 6,500, unarudi kwenye nakala ya 431, na maduka mengi huchukua kwa mali kauli: wanakulipa vikishauzwa, ukikumbuka kuwafuata. Andikiana nao hati ya idadi na tarehe, la sivyo baada ya mwaka utaambiwa muuzaji aliyepokea aliacha kazi.

Jambo dogo linalokula hela ni idadi ya kurasa. Mashine nyingi kubwa hukunja karatasi moja kuwa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 au 176 kinakaa sawa. Cha 163 kinakulazimisha kulipia kurasa tupu. Mwambie mpanga kurasa abane nafasi za mistari. Omba pia nakala moja ya majaribio na uifungue katikati kwa nguvu: gundi mbovu huachia hapohapo.

Wanaouza simulizi kwa sehemu kwenye WhatsApp wanapata hela haraka kuliko sisi wengine, hilo tukubali. Kinachowaangusha ni kuanza kurusha hadithi ambayo hawajamaliza kuiandika. Kufika sehemu ya 18 mwandishi kaishiwa, wasomaji wameshalipa, matusi yanaanza kundini, na yeye kwa hofu anamfufua mhusika aliyekwisha kuzikwa. Kaa na sehemu 10 zilizokamilika mbele ya ile unayoirusha leo. Kusambazwa bure hutakuzuia. Weka jina lako na namba ya malipo ndani ya kila sehemu, juu na chini, ili aliyeletewa ya wizi ajue pa kupata iliyobaki.

Ukimya wa mchapishaji ndio unaowasaga wengi. Mswada kukaa miezi sita bila jibu ni kawaida. Mara nyingi haujafunguliwa. Siku ya kukabidhi uliza watajibu baada ya muda gani, uandike tarehe. Ikipita, tuma ujumbe wa mistari mitatu: jina la mswada, siku uliyoukabidhi, ombi la kujua umefikia wapi. Jibu likiwa "hatuchapishi riwaya mwaka huu", lichukue lilivyo. Linazungumzia bajeti yao.

Tuzo nazo zipo: ya Mwalimu Nyerere, ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell, na nyinginezo. Shiriki, lakini usiziweke kwenye bajeti.

Mwisho, nakala za bure. Kila ndugu, jirani na uliyesoma naye ataomba ya kwake, tena "yenye saini". Katika 500, sitini huweza kuyeyuka hivyo, na kwa hesabu yetu hizo ni 336,000 za gharama. Tenga boksi moja, liandike "za bure 25", humo zimo pia za wahakiki. Zikiisha, jibu ni rahisi: "Shangazi, za zawadi zimekwisha, za kuuza bado zipo."