Je, wajua kwa nini kundi la mchezo huvunjika mwendeshaji wake akiondoka?

Ukiwa unacheza bao na mwenzako akaitwa nyumbani, mtu mwingine huketi mahali pake na kete zikaendelea kusambazwa. Kwenye michezo ya kuigiza ya mezani haiwi hivyo. Watu watano wanaweza kukutana kila Ijumaa kwa miaka miwili, wanaelewana na hamu ya kucheza bado wanayo, lakini siku mmoja wao akisema, "Jamani, mimi nimechoka, naacha," kundi zima husambaratika. Huyo mmoja ndiye mwendesha mchezo. Kwa nini wao wanne wasiendelee tu?

Tuanze na anachokifanya. Katika michezo hii, ambayo maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja: huyu mpiga upanga, yule mchawi, mwingine mwizi. Anasema kwa mdomo anachotaka kufanya, na pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hurushwa. Kila kisichokuwa mhusika wa mchezaji kiko mikononi mwa mwendeshaji. Mlinzi wa lango ni yeye, muuza dawa ni yeye, adui ni yeye, mvua ikinyesha ni yeye kaamua. Na wachezaji wakibishana kuhusu sheria, refa ni huyohuyo.

Kazi hiyo haionekani yote. Wenzake wanafika na dadu mfukoni; yeye kabla ya hapo amekwisha kuchora ramani, kuandaa maadui na kufikiria watu wa mji mzima, halafu mara nyingi ndiye anayewapigia watu simu kuuliza nani atakuja. Wawili wakiahirisha dakika za mwisho, maandalizi yote yanalala. Ndiyo maana wengi huacha. Na akiacha, anaondoka na siri. Nani alimuua mfalme? Yule mzee wa kivukoni ni rafiki au msaliti? Mara nyingi majibu hayajaandikwa popote, na mengine alikuwa bado hajayaamua.

Sasa, katika historia ya michezo hii kuna kundi moja lililoachwa na mwendeshaji wake, na lau kama lingevunjika, huenda Dungeons & Dragons tusingeijua kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, palikuwa na vijana waliopenda kucheza vita vya mezani kwa vijisanamu vya wanajeshi. Mmoja wao, David Wesely, alikuwa amesoma Strategos, kitabu cha mafunzo ya kijeshi cha mwaka 1880 kilichoandikwa na Charles Totten. Humo alikuta wazo kwamba mchezaji aruhusiwe kujaribu lolote, na refa aamue litakalotokea. Wesely akatunga mchezo uliotokea katika mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, enzi za Napoleon. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa baadhi yao nafasi za watu wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu.

Mambo yakamponyoka. Wachezaji walijitenga makundi makundi na kupanga njama, na wawili wakatangaza kwamba wanapigana ana kwa ana, jambo ambalo hakuwa ameliandalia sheria. Ikabidi atunge papo hapo. Alienda nyumbani akiamini ameharibu. Wenzake wakaomba mwingine.

Katika michezo iliyofuata alikuwepo Dave Arneson. Mmoja ulihusu nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini iliyojaa mapinduzi, na Arneson alipewa nafasi ya mwanamapinduzi wa amani, wa kugawa vipeperushi. Inasimuliwa kwamba alikuja na kitambulisho bandia cha CIA alichokitengeneza mwenyewe, akawaaminisha wenzake kuwa yeye ni jasusi, hadi wakamkabidhi hazina ya taifa aitunze. Mimi hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu. Arneson alikuwa mchezaji tu, lakini tayari alikuwa anaongeza vitu ambavyo refa hakuvitaja.

Mwaka 1970 Wesely, aliyekuwa mwanajeshi wa akiba, aliitwa kazini. Kundi likabaki bila mwanzilishi wa mchezo. Halikukaa kumsubiri: Duane Jenkins aliendesha mchezo wake wa Marekani ya Magharibi enzi za makauboi, na mwaka 1971 Arneson akafungua dunia mpya, nchi ya ngome na mazimwi aliyoiita Blackmoor. Wachezaji wakawa wanashuka katika mashimo yaliyo chini ya ngome, na wahusika wao wakakua nguvu kadiri walivyorudi salama.

Tazama jambo ambalo Arneson hakulifanya: hakujaribu kuwa Wesely. Alichukua namna ya kucheza, akaiweka mahali alipopapenda yeye. Kwa maoni yangu makundi mengi huanguka hapohapo. Mtu anarithi hadithi ya mwenzake, anaogopa kuikosea, kila uamuzi anauliza "hivi yule angefanyaje?", na baada ya vikao vitatu naye anachoka.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva, Wisconsin, akamwendeshea Gary Gygax, mpenzi mwingine wa vita vya mezani, na wenzake mchezo wa Blackmoor. Gygax aliupenda, akaomba sheria. Alichotumiwa ni karatasi zipatazo 20 za maelezo yasiyokamilika, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa kichwani mwa Arneson. Gygax alijaza mapengo, akabuni dunia yake ya Greyhawk, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Tangu hapo mtu asiyewafahamu hata kidogo aliweza kuendesha mchezo sebuleni kwake.

Vitabu lakini havimwondolei mtu uchovu. Ndiyo sababu mchezo wa Ars Magica, uliotoka 1987, ulipendekeza wachezaji wapokezane uendeshaji. Wahusika wakuu ni wachawi wanaoishi pamoja, na anayeendesha kikao cha leo humwacha mchawi wake nyumbani akisoma vitabu, wenzake wakitoka safari. Kikao kijacho mwingine anabaki. Mpango huo naupenda sana, kwa sababu kila mtu anaonja kazi ya maandalizi na anajifunza kutomkatisha tamaa mwenzake kwa kuahirisha ovyo.

Kundi lako likiachwa ghafla, na mwendeshaji hajaondoka kwa ugomvi, mwombeni karatasi moja: majina ya watu muhimu wa hadithi, na mbele ya kila jina, mtu huyo anataka nini. Ukijua kwamba malkia anataka kumficha mwanawe, unaweza kubuni atakachofanya kesho hata kama hukuelezwa njama nzima. Ramani ndefu zinasaidia kidogo kuliko hilo. Kama hata karatasi hiyo haipatikani, anzeni hadithi fupi ya vikao viwili au vitatu, yenye kijiji kimoja na tatizo moja, aiendeshe yule ambaye siku zote alikuwa akiuliza maswali mengi mezani.

Na mara nyingi aliyeacha hataki kuwakimbia. Anataka naye ashike mhusika mmoja, arushe dadu kama wengine. Mkaribisheni. Ila mkiwa mmerithi hadithi yake, mwendeshaji mpya abadilishe siri kubwa kabla ya kikao cha kwanza, bila kumwambia, ili naye asijue kilichoko nyuma ya mlango.