Kupunguzwa kazini na uaminifu wa familia kwa chapa ya gari

Uaminifu kwa chapa ni ile hali ya mteja kurudi kwa mtengenezaji yuleyule kila anapotaka kununua tena, hata pale washindani wanapouza kwa bei nafuu zaidi. Kwenye sabuni au viatu jambo hili halina uzito mkubwa. Gari ni habari nyingine: hununuliwa mara chache, hugharimu fedha nyingi, na kila jirani huliona limeegeshwa nje. Na katika miji inayounda magari kuna uaminifu wa namna yake, ule wa ukoo mzima ambao baadhi yao wanapata riziki kwenye kiwanda kilekile. Huo ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu kampuni huutegemea kwa miaka mingi kisha huukata wenyewe siku wanapopunguza wafanyakazi.

General Motors (GM) ilianzishwa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mwaka 1908. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wapatao 80,000 walikuwa wameajiriwa na kampuni hiyo mjini humo na viunga vyake. Hesabu kama hiyo ina maana kwamba baba yuko Buick, mjomba yuko Chevrolet (zote chapa za GM), shemeji yuko kwenye kiwanda cha vipuri, na duka wanalonunua mahitaji linaishi kwa mishahara yao. Kununua gari la kampuni nyingine mahali kama hapo ilikuwa sawa na kumnyang'anya ndugu yako zamu ya kazi. Hata maegesho yalikuwa na sheria zake: mwaka 2006 kiwanda cha pikapu cha Ford, mshindani wa GM, huko Dearborn, Michigan, kilitenga nafasi za karibu kwa magari ya Ford na chapa zake pekee, na mfanyakazi mwenye gari la mshindani akatakiwa kuegesha ng'ambo ya barabara.

Lakini uaminifu huu haukusimama kwa hisia tupu. Una mfumo nyuma yake, nao ni punguzo la bei kwa wafanyakazi. Ford wana mpango uitwao A-Plan. Mfanyakazi huomba namba maalumu, humpa ndugu anayestahili, naye huenda nayo kwa muuzaji na kupata bei ambayo mteja wa kawaida hapewi. Wanaostahili si mke na watoto tu. Wamo wazazi, kaka, dada na hata wakwe. Angalia maana yake: kila gari linalonunuliwa katika ukoo linapitia mkononi mwa mtu mmoja. Anayetaka gari anampigia simu kwanza yeye, anamuuliza lipi zuri, injini ipi ina matatizo, mtindo mpya unatoka lini. Kampuni inapata muuzaji asiyelipwa kamisheni, anayeaminika kuliko tangazo lolote. Mwaka 1979 GM ilikuwa na waajiriwa zaidi ya 600,000 nchini Marekani. Ukiongeza ndugu na wastaafu, hilo peke yake ni soko kubwa.

Sasa mtu huyo anapunguzwa. Kinachokatika kwanza ni uwezo wa kununua, na hilo kila mtu analiona: gari la zamani linaendelea kutumika, au linanunuliwa lililokwisha kutumika, la chapa yoyote ile. Kinachofuata huonekana kwa taabu zaidi. Haki ya punguzo imefungwa kwenye ajira au kustaafu, hivyo anayetoka katikati ya safari kwa kawaida huishia kuipoteza, na ukoo mzima unarudi sokoni kama wateja wengine. Baada ya hapo dada yake akitaka gari atalinganisha bei za kampuni tano. Hakuna tena sababu ya kuanza na moja.

Na bado kuna maneno yake. Mtu aliyekaa miaka ishirini kwenye mstari wa kuunganisha magari anajua mengi, na jana maarifa hayo yalikuwa yakitetea chapa. Leo akiulizwa, atasema alivyoona lawama za ubora zikisukumwa kwa wafanyakazi huku mameneja wakidai kasi zaidi. Hahitaji kusema uongo. Anaacha tu kuficha. Watoto wake wanamsikia. Watu wengi huanza na chapa waliyokua wakiiona nyumbani, ile waliyojifunzia kuendesha. Kijana aliyemwona mama yake akirudi na barua ya kuachishwa kazi ana kumbukumbu nyingine kabisa kuhusu jina lile lililo mbele ya gari, na mbele yake kuna miaka arobaini au hamsini ya kununua magari. Kwa maoni yangu hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Haionekani kwenye taarifa ya fedha ya mwaka ule.

Hata hivyo, si kila upunguzaji unaleta chuki. Sekta ya magari imezoea kusimamisha watu kwa muda, mauzo yakishuka au kiwanda kikibadilishiwa mitambo. Mwaka 1955 chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, chini ya Walter Reuther, kiliifanya Ford ikubali kulipa nyongeza juu ya posho ya serikali ya wasio na kazi. Aliyesimamishwa alibaki na kipato na, muhimu zaidi, alibaki kwenye orodha ya watakaoitwa tena. Alikuwa bado mtu wa Ford. Uaminifu huvumilia miezi mibaya ikiwa ahadi ya kurudi ni ya kweli.

Usichovumilia ni kufungwa kwa kiwanda moja kwa moja, hasa kwa namna ya kuzungushwa. Novemba 2018 GM walitangaza kwamba viwanda kadhaa, kikiwemo cha Lordstown, Ohio, havitapangiwa gari jipya la kuunda. Gari la mwisho aina ya Chevrolet Cruze lilitoka Lordstown Machi 2019. Wafanyakazi hawakupata jibu la mwisho kuhusu hatima ya kiwanda hadi mkataba mpya kati ya UAW na GM vuli ile, baada ya mgomo wa siku 40. Wengi walipewa nafasi katika viwanda vya majimbo mengine. Aliyekubali aliacha nyuma wazazi wazee na mwenzi mwenye kazi yake. Aliyekataa alihatarisha baadhi ya stahiki zake. Ni vigumu kuiomba familia iliyogawanywa hivyo iendelee kuisifu chapa. Katika tangazo lilelile kilitajwa pia kiwanda cha Oshawa, Kanada, na chama cha wafanyakazi cha huko, Unifor, hakikungoja: Januari 2019 kiliwataka Wakanada wasusie magari ya GM yaliyoundwa Mexico. Watu wale wale waliokuwa wakiwashawishi majirani wanunue sasa waliwaomba wasinunue.

Wanaobaki kazini nao hubadilika. Mkataba wa mwaka 2007 kati ya UAW na kampuni tatu za Detroit (GM, Ford na Chrysler) uliruhusu waajiriwa wapya walipwe kama dola 14 kwa saa, takriban nusu ya wenzao wa zamani. Watu wawili walifunga skrubu zilezile, mmoja aliweza kununua gari aliloliunda na mwingine hakuweza. Punguzo nalo lilikuwa limekwisha kupungua thamani: mwaka 2005 GM iliuza magari kwa umma wote kwa bei ya wafanyakazi, Ford na Chrysler wakafuata. Mauzo yalipanda kweli. Lakini kile kilichoifanya familia ya kiwandani ijione na nafasi yake kikawa ofa ya majira ya joto kwa yeyote apitaye.

Sitaki kutia chumvi. GM ilikuwa na karibu nusu ya soko la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2009 ilipofilisika ilikuwa chini ya asilimia 20. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokana na ubora hafifu, bei ya mafuta na magari ya Kijapani yaliyokuwa bora. Mauzo yalishuka, watu wakapunguzwa, na waliopunguzwa wakaondoka na ndugu zao, mauzo yakashuka tena. Sababu na matokeo vinazunguka hapa, na si rahisi kuonyesha kilichotangulia.

Australia inaonyesha mzunguko huo ukifika mwisho. Holden, chapa ya GM, ilizinduliwa mwaka 1948 mbele ya waziri mkuu kama gari la taifa, na watu waliilea kama urithi wa ukoo. Mwaka 2002 iliuza magari zaidi ya 178,000. Oktoba 2017 kiwanda cha mwisho, Elizabeth, kilifungwa, na tangu hapo gari lenye nembo ile likawa la kuagizwa kama mengine. Mwaka 2019 yaliuzwa kama 43,000, na mwaka uliofuata chapa yenyewe ikafutwa. Mauzo yalikuwa yakishuka muda mrefu kabla, ila kufungwa kulimwondolea mnunuzi sababu ya mwisho ya kuvumilia kasoro.

Volkswagen wa Ujerumani walichukua njia nyingine walipobanwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Badala ya kufukuza watu 30,000 walipunguza wiki ya kazi hadi saa 28.8 na mishahara ikapungua pamoja nayo, kila mtu akibeba sehemu yake. Mwaka 1994 ikaja dhamana ya ajira iliyodumu hadi kampuni ilipoivunja Septemba 2024. Desemba mwaka huo walikubaliana na chama cha wafanyakazi cha IG Metall kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 ifikapo 2030, bila kufunga kiwanda papo hapo na bila kumfukuza mtu kwa nguvu. Hayo ni makali pia. Lakini mtu anayestaafu mapema kwa makubaliano anabaki na heshima yake na jina la kampuni mdomoni mwake, na mwanawe akimuuliza anunue gari gani, jibu lake bado linaweza kuwa lile lile.